Nakala Iliyobaki Peke Yake: Hifadhi ya Barua Pepe za Zamani katika Ofisi za Meru na Embu

Barua pepe za zamani zilizorundikana ndani ya kompyuta ya mezani hushughulikiwa kwa kawaida kama tatizo la nafasi: diski imejaa, programu inakwenda kwa kusuasua, na fundi anaitwa apunguze mzigo. Mtazamo huo una ukweli wake, lakini unaacha kando jambo zito zaidi, nalo ni kwamba katika ofisi nyingi ndogo faili moja iliyofichika ndani ya kompyuta moja ndiyo nakala pekee iliyosalia ya mawasiliano ya miaka mingi, na mwenye ofisi huja kulitambua hilo siku faili inapokataa kufunguka. Uchambuzi huu unalitazama suala zima kwa kuchukua mfano wa ofisi za Gakoromone, mjini Meru, pamoja na zile za Chuka na Embu zilizo kwenye barabara hiyo hiyo ya kwenda Nairobi, na unatetea hoja kwamba ukubwa wa hifadhi ni jambo la pili. La kwanza ni kujua nakala ya mwisho ya kila barua iko wapi, na ni nani mwenye mamlaka ya kuifuta.

Gakoromone panafaa kwa uchunguzi wa namna hii kwa sababu ngazi mbalimbali za mawasiliano ya biashara zinakutana hapo. Sokoni kwenyewe, panapouzwa ndizi, viazi, kabichi na nafaka, makubaliano hufanywa kwa mdomo, kwa simu na kwa M-Pesa, wala hakuna anayehitaji barua pepe ili auze mkungu wa ndizi. Lakini bidhaa, mkopo au mgogoro ukishavuka mipaka ya soko, barua pepe huingia: mhasibu anayewasilisha hesabu za wateja wake kwa Mamlaka ya Mapato, wakili mwenye kesi ya shamba katika mahakama ya Meru, chama cha akiba na mikopo, shule ya sekondari, chama cha ushirika cha wakulima wa kahawa, na kampuni inayokusanya mazao kwa ajili ya soko la nje. Ofisi za namna hiyo huwa na kompyuta mbili au tatu, mara nyingi za mtumba, hazina mtaalamu wa kudumu wa mitambo, na barua zao zote hupitia mashine ya karani mmoja.

Thamani ya barua hizo hujitokeza baadaye sana kuliko wakati zilipoandikwa. Mwaka 2013 Umoja wa Ulaya uliongeza ukaguzi wa maharagwe machanga na njegere za maganda kutoka Kenya kwa sababu ya mabaki ya viuatilifu, ikawa shehena moja katika kila kumi huchukuliwa sampuli. Tangu hapo cheti cha maabara, orodha ya wakulima na barua ya mnunuzi, ambavyo vyote husafiri kama viambatisho, vikawa vitu ambavyo msafirishaji anaweza kudaiwa muda mrefu baada ya zao kuliwa. Miraa inatoa mfano mwingine. Uholanzi iliipiga marufuku mwanzoni mwa 2013 na Uingereza ikafuata tarehe 24 Juni 2014, hatua zilizofunga soko ambalo Meru ilikuwa imelitegemea kwa miaka. Lakini biashara iliyofungwa na sheria ya nchi nyingine haifungi madeni yake, na ankara, maagizo na ahadi za malipo zilizokuwa zimeandikwa kwa barua pepe ziliendelea kuwa na uzito kwa muda wote ambao sheria inaruhusu mtu kudai haki yake mahakamani.

Sababu ya barua hizo kukaa ndani ya kompyuta badala ya kukaa kwa mtoa huduma ni ya kihistoria, na kwa sehemu kubwa ni historia ya gharama. Kabla ya intaneti kamili kuingia Kenya katikati ya miaka ya 1990, mashirika machache ya Nairobi yalipeleka barua za kielektroniki kwa mtandao wa FidoNet, ambamo kompyuta moja ilipiga simu kwa nyingine, ikakabidhi mzigo wake wa barua na kukata. Hata watoa huduma wa kibiashara walipoanza kazi, muunganisho ulipitia waya wa simu na ulilipiwa kwa dakika, kwa hiyo mtu mwenye akili zake hakusoma barua akiwa ameunganishwa. Alizivuta zote kwa mkupuo, akakata laini, akasoma na kujibu kwa utulivu. Itifaki ya POP, yaani utaratibu wa makubaliano unaoziongoza kompyuta mbili zinapokabidhiana barua, ilibuniwa 1984 kwa kazi ya namna hiyo hasa: inapakua barua kutoka kwenye seva, ambayo ni kompyuta ya mtoa huduma inayopokea barua kwa niaba ya wateja, kisha kwa kawaida inazifuta kule zilikotoka. Kufutwa huko kulikuwa faida, kwani kikasha alichopewa mteja kwenye seva kilikuwa kidogo na kikijaa barua mpya zilirudishwa kwa mwandishi.

Utaratibu wa pili, IMAP, ulianzishwa 1986 na Mark Crispin katika Chuo Kikuu cha Stanford, nao umejengwa juu ya wazo la kinyume, kwamba barua hubaki kwenye seva na kompyuta ya mtumiaji huonyesha tu hali yake. Wazo hilo linahitaji muunganisho wa mara kwa mara usioumiza mfuko, na kwa Afrika Mashariki hilo halikuwezekana kwa ofisi ya kawaida mpaka nyaya za chini ya bahari zilipofika Mombasa, SEACOM na TEAMS mwaka 2009 na EASSy mwaka 2010. Gharama zikashuka, simu za mkononi zikaanza kusoma barua, lakini mipangilio iliyowekwa na fundi wa miaka ya nyuma ikabaki vilevile ndani ya programu, ikihamishwa kutoka kompyuta iliyochakaa kwenda nyingine bila mtu kuuliza kwa nini iko hivyo. Ndiyo maana ofisi inaweza kuwa na intaneti ya nyuzi za kioo mlangoni na bado ikawa inaendesha barua zake kwa kanuni za enzi ya kulipia dakika.

Ili kuelewa kwa nini hifadhi ya mezani huvimba na kuharibika, ni lazima kutazama jinsi programu inavyoziandika barua kwenye diski. Katika Thunderbird, programu ya bure ambayo toleo lake la kwanza kamili lilitoka Desemba 2004, kila kabrasha la barua kwa kawaida ni faili moja ya maandishi ya muundo unaoitwa mbox, ambamo barua hufuatana kuanzia ya kwanza hadi ya mwisho, kila moja ikitanguliwa na mstari unaotangaza kuwa barua mpya imeanza. Pembeni yake kuna faili ndogo ya faharasa, ambayo kazi yake ni kukumbuka kila barua inaanzia wapi. Faharasa ikiharibika, barua huonekana kana kwamba zimetoweka au zimechanganyika vichwa, ilhali faili kubwa ni nzima, na dawa yake ni kuifuta faharasa peke yake ili programu iijenge upya. Ni ajabu kidogo kwamba hofu kubwa kuliko zote za watumiaji, ile ya kufungua kikasha na kukikuta kitupu, mara nyingi ina tiba nyepesi namna hiyo, wakati hatari za kweli hazitoi ishara yoyote.

Hatari mojawapo inatokana na maana ya kufuta. Mtumiaji anapofuta barua katika faili ya mbox, programu haiiondoi. Huitia alama kuwa imefutwa na kuacha kuionyesha, kama vile mwenye duka anavyolikata kwa mstari deni lililolipwa bila kuchana ukurasa wa daftari. Nafasi hurudi pale tu programu inapobana kabrasha, yaani inapoandika faili mpya yenye barua hai peke yake na kuiweka mahali pa ile ya zamani. Hivyo karani anaweza kushinda siku nzima akifuta matangazo ya biashara, na jioni diski ikawa imejaa vilevile asubuhi ilivyokuwa. Kazi ya kubana nayo ina wakati wake wa hatari, kwa kuwa inahitaji nafasi ya kutosha ya kuandika faili ya pili na inahitaji umeme usikatike katikati. Katika nchi ambayo tarehe 25 Agosti 2023 na tena tarehe 10 Desemba mwaka huo huo gridi ya taifa ilizimika karibu kote, mbali na ukatikaji mdogo usiotangazwa popote, kuruhusu programu ibane gigabaiti kadhaa kwenye kompyuta isiyo na betri ya akiba ni kamari.

Outlook ya Microsoft hufuata njia tofauti: makabrasha yote, anwani na kalenda huwekwa ndani ya faili moja ya muundo wa PST. Hadi toleo la 2002 faili hiyo ilikuwa na kikomo cha gigabaiti 2, na ilipokifikia iligoma kupokea barua au ikaharibika kabisa. Toleo la 2003 lilileta muundo mpya uliowekewa kikomo cha gigabaiti 20, na toleo la 2010 likakipandisha hadi 50. Kupanda kwa kikomo kumewaondolea watumiaji onyo walilokuwa wakilipata mapema. Zamani ofisi ililazimika kugawa barua zake kila baada ya miaka michache, sasa inaweza kurundika muongo mzima ndani ya faili moja, ambayo ikipata doa mahali pamoja inaweza kuzuia yote yasifunguke, na ambayo haiwezi hata kunakiliwa kwenye flashi iliyopangwa kwa mfumo wa FAT32, kwa sababu mfumo huo haupokei faili inayofikia gigabaiti 4.

Kinachoivimbisha faili ni viambatisho kuliko maandishi. Barua pepe ilibuniwa kubeba herufi tu, kwa hiyo picha au waraka uliopigwa skani hugeuzwa kwanza kuwa herufi kwa utaratibu wa Base64, ambao hufanya kila baiti tatu kuwa nne. Skani ya megabaiti 6 husafiri na kuhifadhiwa ikiwa zaidi ya megabaiti 8. Mkataba ule ule ukirudishwa na marekebisho mara tano kati ya wakili na mteja, nakala zote tano hukaa kwenye kikasha cha zilizopokewa, na majibu yaliyoubeba hukaa kwenye kabrasha la zilizotumwa. Kabrasha hilo la pili hupuuzwa sana wakati wa kusafisha, ingawa ndilo lenye ushahidi wa kile ambacho ofisi yenyewe ilikubali au ilikataa.

Kuna kosa moja la kimfumo linalostahili kutazamwa kwa undani kwa sababu linahusisha watu watatu wasio na nia mbaya: mtengenezaji wa programu, mtumiaji na fundi. Matoleo ya zamani ya Outlook yalikuwa na huduma ya kuhamisha barua zilizopitiwa na muda fulani hadi faili ya pili, na mtumiaji aliyebofya kukubali aliamini kuwa barua zake zimehifadhiwa, kwa maana ya kuongezewa usalama. Kwa kweli ziliondolewa kwenye faili inayojulikana na kupelekwa kwenye faili isiyojulikana, bila nakala kubaki nyuma. Na faili hiyo, sawa na wasifu wa Thunderbird, yaani kabrasha linalobeba barua zake, hadi leo, iliwekwa katika sehemu ya Windows ambayo kwa kawaida imefichwa isionekane. Kompyuta ilipokuja kupata virusi, fundi alifanya alivyofundishwa: akanakili kilichoko kwenye eneo la kazi na kwenye kabrasha la nyaraka, akafomati diski na kuweka Windows upya. Nyaraka zote zikarudi salama, barua pepe hazikurudi, na hakuna kati ya watatu hao aliyekiuka utaratibu wa kazi yake. Ofisi inayoandika kwenye karatasi njia kamili ya mahali faili zake za barua zilipo, na kuibandika karatasi hiyo ubavuni mwa mashine, imeondoa sehemu kubwa ya hatari kwa gharama isiyofikia bei ya kikombe cha chai.

Waliohamia IMAP wanakabiliwa na udanganyifu wa aina nyingine. Kwa kuwa barua zinaonekana kwenye simu, kwenye kompyuta ya ofisi na kwenye ukurasa wa mtoa huduma, mtumiaji huhesabu nakala tatu. Lakini hizo ni madirisha matatu ya nakala moja, na barua iliyofutwa kwenye simu ndani ya matatu hutoweka kwenye kompyuta ya Gakoromone mara inapounganishwa. Faili ambayo Outlook hutunza kwa akaunti za aina hiyo, yenye muundo wa OST, imefungamana na akaunti husika na si rahisi kuifungua mahali pengine. Nakala huwa nakala pale tu inapokuwa nje ya mzunguko wa kusawazishwa, kwa mfano katika makabrasha ya ndani ya Thunderbird, ambayo hayahusiani na seva yoyote. Na hapo tena kuna tofauti kati ya kunakili na kuhamisha, kwani barua iliyoburutwa kutoka kwenye akaunti ya IMAP kwenda kabrasha la ndani hufutwa kwenye seva.

Baada ya kutaja udhaifu huo wote ingeonekana busara kuiacha hifadhi ya mezani na kukabidhi kila kitu kwa seva za mbali, zile ambazo siku hizi huitwa wingu. Ushauri huo hutolewa kwa wepesi mno. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na SEACOM zilikatika kwa pamoja na intaneti ya Afrika Mashariki ikadorora kwa siku kadhaa. Ofisi iliyokuwa na barua zake ndani iliendelea kusoma mikataba yake, ile iliyokuwa nazo nje ilisubiri. Gmail, iliyoanza tarehe 1 Aprili 2004 na gigabaiti 1 iliyoshangaza dunia, sasa hutoa gigabaiti 15 zinazogawanywa kati ya barua, nyaraka na, tangu Juni 2021, picha mpya pia, hivyo mwalimu mkuu anayepiga picha nyingi za siku ya michezo anaweza kujikuta hapokei barua za wizara. Tangu Desemba 2023 Google imeanza kufuta akaunti za watu binafsi zisizotumika kwa miaka 2, na akaunti ya mradi uliokwisha, au ya katibu aliyestaafu, ndiyo aina ya akaunti inayoachwa bila kutumika kwa muda huo. Wingu, kwa hiyo, linapunguza hatari ya diski na kuongeza hatari ya masharti. Mwenye ofisi anahitaji njia zote mbili, akijua ipi inamkinga na nini.

Upande wa sheria ndio ambao ofisi nyingi hazijaufikiria, ingawa ndio unaotoa jibu la swali gumu kuliko yote, ambalo ni muda gani barua itunzwe. Sheria ya Taratibu za Kodi ya Kenya ya 2015 inamtaka mlipakodi atunze kumbukumbu zake kwa miaka 5. Sheria ya Ajira ya 2007 inamtaka mwajiri atunze maelezo ya mwajiriwa kwa miaka 5 baada ya ajira kukoma. Na Sheria ya Ukomo wa Mashtaka inatoa miaka 6 kwa madai yatokanayo na mkataba na 12 kwa madai ya ardhi. Kwa eneo ambalo migogoro ya mashamba hurithishwa pamoja na mashamba yenyewe, wakili wa Meru au Embu anayefuta barua za mteja baada ya miaka 7 kwa sababu diski imejaa anafanya jambo ambalo mhasibu wa jengo hilo hilo anaweza kulifanya bila wasiwasi. Muda wa utunzaji unafuata aina ya shughuli, na hakuna mpangilio wa programu unaoweza kuujua bila kuambiwa.

Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Data, iliyoanza kutumika tarehe 25 Novemba 2019, inakataza kutunza taarifa za mtu kwa muda unaozidi mahitaji ya lengo zililokusanyiwa. Kanuni za 2021 zinaziondolea ofisi ndogo, zenye mauzo ya chini ya shilingi milioni 5 kwa mwaka na wafanyakazi wasiofika 10, ulazima wa kujisajili kwa Kamishna wa Data isipokuwa katika shughuli zilizotajwa maalumu, lakini kutosajiliwa hakuziondolei wajibu mwingine. Faili ya PST ya chama cha akiba na mikopo huwa imebeba nakala za vitambulisho, namba za kodi, hati za mishahara na pengine barua za daktari za wanachama walioomba kuahirishiwa marejesho. Kompyuta hiyo ikiuzwa kwa mtu mwingine na diski yake ndani, au ikaibwa ikiwa diski haijafungwa kwa usimbaji, yaani haijageuzwa kuwa maandishi yasiyosomeka bila nywila, chama kitakuwa kimefichua siri za watu wengi kwa mkupuo, na sheria inakitaka kumwarifu Kamishna ndani ya saa 72 tangu kilipotambua kuwa taarifa hizo zimefikiwa na asiyestahili na kwamba kuna hatari ya kweli ya wenyewe kudhurika. Ofisi za umma, zikiwemo za serikali za kaunti zilizoanza 2013, zina kikwazo cha ziada: kumbukumbu za umma haziharibiwi bila idhini inayotolewa chini ya sheria ya Nyaraka za Taifa ya 1965, na barua pepe ya ofisa ni kumbukumbu ya umma hata kama haijachapwa kwenye karatasi.

Sheria ya Ushahidi nayo, kwa vifungu vilivyoongezwa 2009 na 2014, inakubali kumbukumbu za kielektroniki mahakamani, na kifungu cha 106B kinahusisha kukubaliwa huko na cheti kinachoeleza kumbukumbu ilitolewaje na kwa kifaa gani. Jambo hilo lina athari kwa mbinu mbili zinazopendwa za kupunguza ukubwa. Ya kwanza ni kuchapa barua muhimu na kufuta asili yake. Karatasi hubeba maneno lakini hupoteza vichwa vya kiufundi vinavyoonyesha seva ambazo barua ilipitia na saa ilizopita, pamoja na sahihi ya DKIM, ambayo ni muhuri wa kihesabu unaowekwa na seva ya kikoa cha mtumaji, yaani jina linalofuata alama ya @ katika anwani yake, ili kuthibitisha kuwa barua haikubadilishwa njiani. Ya pili ni kung'oa viambatisho kutoka kwenye barua na kuviweka kwenye kabrasha la kawaida, huduma ambayo Thunderbird inayo na ambayo huokoa nafasi kweli; tatizo lake ni kwamba barua iliyong'olewa kiambatisho imeandikwa upya, muhuri wake haulingani tena na yaliyomo, na uhusiano wake na waraka uliokuwa ndani yake hutegemea neno la karani. Kwa barua za mikutano na mialiko ya harambee hilo halina madhara. Kwa barua iliyobeba mkataba, nafasi inayookolewa haifikii thamani ya kinachopotezwa.

Kutokana na hayo yote, mpango unaoelekea kufaa zaidi kwa ofisi ya kadiri hii ni ule wa kutenganisha barua hai na barua zilizofungwa, kwa kufuata mwaka wa hesabu. Barua za mwaka unaoendelea na uliotangulia hukaa kwenye akaunti, zikitumia IMAP ili simu na kompyuta zisawazike. Mwaka ukishakamilika na hesabu zake kukaguliwa, barua zake hunakiliwa kwenye kabrasha la ndani lenye jina la mwaka huo, kisha idadi ya barua katika kabrasha jipya hulinganishwa na ya lile la asili, na baada ya hapo tu ndipo zile za kwenye seva hufutwa ikiwa nafasi inahitajika. Faida yake kubwa ni ya kimitambo: faili ya mwaka uliofungwa haiandikwi tena, kwa hiyo haibanwi, haivimbi, haisumbuliwi na umeme kukatika katikati ya kazi, na nakala yake iliyochukuliwa leo itakuwa sawa na ya mwakani. Faili inayobadilika kila dakika ndiyo ngumu kulinda, na kwa mpango huu huwa ndogo. Kugawa kwa mwaka pia hurahisisha kutii sheria, maana muda wa utunzaji ukiisha hufutwa faili nzima, isipokuwa zile kesi zilizotengwa mapema kwa majina yao.

Kuhusu nakala za akiba hakuna mengi ya kuongeza juu ya kanuni iliyopewa umaarufu na mpiga picha Peter Krogh, ya kuwa na nakala tatu, kwenye vifaa vya aina mbili, moja ikiwa nje ya jengo. Kwa ofisi ya mjini Meru, ya nje inaweza kuwa diski inayolala nyumbani kwa mwenye ofisi au faili iliyosimbwa kwenye wingu. Inatosha kukumbuka kwamba programu ya barua hufungwa kwanza kabla ya kunakili, kwamba PST iliyo wazi haifai kuwekwa ndani ya kabrasha linalosawazishwa na wingu, na kwamba flashi ni ya kusafirishia zaidi ya kutunzia. Nakala ambayo haijawahi kufunguliwa kwenye kompyuta nyingine bado haijulikani kama ni nakala.

Lililo gumu zaidi halihusu vifaa. Shule, vikundi vya wakulima na hata ofisi kubwa zaidi huendesha shughuli zao kwa anwani binafsi ya katibu au mhasibu, ambaye ndiye aliyeifungua, ndiye mwenye nywila na ndiye ambaye namba yake ya simu hupokea ujumbe wa kuthibitisha. Siku anapohamishwa kwenda Maua au anapokosana na mwenyekiti, barua za taasisi huondoka naye kihalali kabisa machoni pa mtoa huduma, ambaye hana njia ya kujua kuwa akaunti yenye jina la mtu ilikuwa mali ya kikundi. Katika hali hiyo faili ya kompyuta ya mezani, pamoja na udhaifu wake wote, ndiyo iliyookoa kumbukumbu za taasisi nyingi, kwa kuwa kompyuta ilikuwa mali ya ofisi hata kama anwani haikuwa yake. Anwani ya kikoa cha taasisi, iliyolipiwa na taasisi yenyewe, ingelimaliza tatizo. Ada yake ya mwaka si kubwa, lakini lazima mtu akumbuke kuilipa, na kikoa kilichosahauliwa kinaweza kuchukuliwa na mwingine, ambaye ataanza kupokea barua zisizo zake.

Kinachobaki ni faili za programu zilizokufa. Outlook Express, iliyokuja na Windows tangu 1997 na kuenea kote kwenye kompyuta za Windows XP, ilihifadhi barua katika faili za muundo wa DBX zenye kikomo cha gigabaiti 2. Microsoft iliacha kuihudumia XP Aprili 2014, na programu ya Mail ya Windows iliyokuja miaka ya baadaye nayo ilisitishwa tarehe 31 Desemba 2024. Outlook mpya inayopendekezwa badala yake inashughulikia faili za PST kwa mipaka zaidi kuliko ile ya zamani. Muundo wa mbox umedumu kuliko hiyo yote kwa sababu ni maandishi ya kawaida yanayoweza kusomwa na programu yoyote ya kuandikia, na maelezo ya ndani ya PST yalichapishwa na Microsoft mwaka 2010, kwa hiyo zipo programu za bure zinazoigeuza kuwa mbox. Faili za DBX zilizolala kwenye diski za kompyuta kuukuu zinaweza bado kutolewa barua moja moja katika muundo wa EML, ambao Thunderbird huufungua bila shida. Kazi hiyo hufanywa juu ya nakala ya faili, na ile ya asili hubaki bila kuguswa hadi barua zilizotolewa zihesabiwe na kadhaa kati yake zifunguliwe pamoja na viambatisho vyake.